Damu Aliyoificha Ng'washi

Nyumbani kwa Shimba, pale Buhongwa, hatua chache kutoka barabara ya Shinyanga, kulikuwa na nyumba mbili, wake wawili na kigoda kimoja. Kigoda kilikuwa cha mwenye mji. Jioni kilipoonekana kwenye baraza ya mke fulani, kila mtu alijua chakula cha Shimba kinapelekwa huko na usiku wake ni wa huko. Zamu ilikuwa ya siku tatu tatu. Mke akiingia mwezini hakuhitaji kutamka neno. Alikibeba kigoda mwenyewe, akavuka uwanja, akakiweka kwa mwenzake, akarudi kwake. Ndivyo mama yake Shimba alivyofanya na wake wenzake, na mwanawe hakuona sababu ya kubadili.

Ng'washi, mke mkubwa, alivuka uwanja ule miaka mingi, na kila mara ilikuwa kama amebeba kaa la moto. Odeta alipoletwa kutoka Ukerewe alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba, na anacheka kwa sauti ya chini ambayo wanaume huisogelea ili waisikie. Ng'washi alikuwa na thelathini na minane na watoto sita. Tangu siku hiyo hakulala vizuri usiku usiokuwa wake. Alijua Odeta kanunuliwa kitenge gani na Shimba kamega minofu ya upande gani. Shimba akicheka ng'ambo ya uwanja, Ng'washi alitaka kujua amechekeshwa na nini, na asipojua, siku yake ilikuwa imeharibika.

Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mchapakazi, hakusengenya, na watoto wake walikwenda shule wakiwa wasafi. Lakini wivu haumwulizi mtu mema yake. Ukishapewa kiti unakaa, unakula, na mwenye nyumba ndiye anayekonda.

Alipofika miaka arobaini na saba siku zake zikaanza kwenda ovyo. Mwezi mmoja mara mbili, mwezi mwingine hakuna. Joto lilimpanda shingoni katikati ya mazungumzo, akajipepea kwa ncha ya kanga. Baadaye zikakata, miezi minane mfululizo. Wanawake wengine huhuzunika hapo. Ng'washi alifurahi, na sababu ya furaha yake ilikuwa moja tu: hakuwa na haja tena ya kubeba kigoda. Odeta ndiye aliyevuka uwanja sasa, kila mwezi, na kumkuta mwenzake ameketi barazani akimsubiri.

"Asante, mama Mihayo. Kiweke hapo. Pole na kazi za ujana."

"Nimeshapoa, dada," Odeta alijibu, akaondoka taratibu.

Miaka tisa na zaidi ya kuumia ilianza kulipwa, ndivyo Ng'washi alivyoona.

Mwanzoni mwa mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, asubuhi moja baada ya zamu yake, aliona damu. Matone machache, mekundu. Akasema moyoni kwamba ni uchovu. Wiki iliyofuata, baada ya kulala na mumewe, ikaja tena. Kisha ikawa inakuja bila kubisha hodi, siku mbili hapa, siku moja pale, na katikati yake majimaji yenye harufu mbaya.

Sheria ya nyumba ile ilikuwa wazi: abebe kigoda. Ng'washi alipiga hesabu ya siku, akaona kwamba akikibeba kila anapoona damu, Odeta atakuwa na Shimba karibu mwezi mzima. Basi akanyamaza. Vitambaa alivichoma kwenye jiko la nyuma ya nyumba kabla watoto hawajaamka. Zamu yake ilipofika na damu ikamkuta, alidai kichwa kinamwuma, akamgeuzia Shimba mgongo, lakini kigoda hakikuondoka barazani kwake.

Harufu nayo ilipata mahali pa kujificha. Miaka ile viwanda vya minofu vilikuwa vimeota kando ya ziwa. Nyama ya sangara ilipanda ndege, na wenye ziwa wakabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa yenye nyama ya kukwangua. Ng'washi aliyachukua viwandani Igogo alfajiri, akayakaanga sokoni Buhongwa mpaka jioni. Mkaanga mapanki hunuka samaki akiwa kanisani, akiwa msibani, akiwa kitandani. Nani angemwuliza?

"Mama Nkwabi," Shimba alisema siku moja akikunja pua, "samaki wako siku hizi wanalala na sisi."

"Ndio wanaokulisha," alijibu, na mambo yakaishia hapo.

Mtu mmoja tu alimdokezea kidogo, Aluoch, mjane aliyekaangia karai la jirani. Hakumweleza yote. Alimwuliza tu kama yeye, wakati wake, damu ilirudi baada ya kukoma.

"Ilirudi," Aluoch alisema, akigeuza kichwa cha sangara kwenye mafuta. "Damu ya umri wetu ni kama mgeni mlevi. Anaaga mara tatu, bado umemkuta mlangoni anatafuta kiatu."

Wakacheka, na Ng'washi akarudi nyumbani mwepesi. Maneno ya Aluoch yalikuwa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli huzika watu wengi kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba katika miaka ile ya kuelekea ukomo hedhi huyumba. Lakini Ng'washi hakusema kwamba damu yake huja baada ya tendo la ndoa, wala hakutaja yale majimaji. Aliyeuliza nusu alijibiwa nusu.

Miezi mitano ikapita hivyo. Kiuno kikaanza kumwuma na uso kupauka. Hilo pia alijua mkosaji wake ni nani: Odeta alikuwa amemfanyia kitu. Na ushahidi ukaja. Jumatano moja Odeta aliondoka asubuhi amevaa kitenge chake kizuri, akarudi mchana na kadi ya hospitali. Mtu mwenye adabu kadi huiweka sandukuni. Odeta aliipitisha mbele ya macho ya watu, mara iko mkononi akiita watoto, mara iko juu ya kinu. Ng'washi hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini aliweza kusoma jina la zahanati ya misheni iliyoko Ilemela, ng'ambo ya mji. Akajiuliza: mtu anapita zahanati zote za njiani mpaka Ilemela kutafuta nini? Mtoto wa mwisho wa Odeta alikuwa na miaka mitano. Jibu likajileta lenyewe. Anatafuta mtoto mwingine, wa kumfunga Shimba.

Jumatano mbili baadaye Odeta alivaa tena kile kitenge. Ng'washi alimwachia Aluoch karai lake, akajitanda kanga mbili, akamfuata.

Zahanati ilikuwa chini ya mawe makubwa ya mlima, na barazani kulikuwa na mabenchi mawili yaliyojaa wanawake. Ng'washi alisimama kando akiwatazama. Wengi walikuwa wa umri wake, na wawili watatu walikuwa vikongwe kabisa. Kama hapa ni pa dawa ya kushika mimba, alijiuliza, hawa bibi wamekuja kushika nini?

"Shikamoo, dada," ilisema sauti ya Odeta kutoka benchi la pili. "Njoo ukae. Nimekuwekea nafasi."

Ng'washi aliitikia "marahaba" kama anayetema kokwa. "Ulijuaje nitakuja?"

"Tangu stendi nakuona nyuma yangu. Umejifunika kama bibi harusi, nani asikuone?"

"Unatafuta nini huku?"

"Changu nilishapata. Nilipimwa wiki mbili zilizopita, niko salama. Leo nimekuleta wewe."

Ng'washi akageuka aondoke. Odeta hakumshika mkono. Alisema tu, kwa sauti ileile ya chini:

"Dada yangu wa tumbo moja, pale Nansio, naye alisema ni umri. Tumemzika kwaresma hii. Mimi ndiye ninayefagia uwanja wetu, dada. Kitambaa cha pamba hakiungui chote."

Mama mmoja aliyekuwa amekaa kati yao akasogea, akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba. Ng'washi akakaa kwenye nafasi iliyoachwa.

"Mbona hukuniambia nyumbani?"

"Ningekuambia ungesema nautaka usiku wako."

"Na huutaki?"

Odeta alifikiri kidogo. "Nautaka. Lakini si kwa njia hii."

Jibu hilo Ng'washi aliliamini. Angeambiwa maneno ya upendo asingeamini hata moja. Na hata hapo hakuingia kwenye chumba cha uchunguzi kwa kuogopa ugonjwa. Aliingia kwa sababu Odeta alikuwa ameshapimwa na kuambiwa yuko salama, na hakuweza kuvumilia kuwa Odeta ana kitu ambacho yeye hana.

Muuguzi aliitwa Janet Otuoma, mtu wa Shirati, wa miaka arobaini hivi. Aliamkia vizuri, akafungua daftari.

"Mama, hedhi ilikoma lini?"

"Ilikoma."

"Haijarudi?"

Ng'washi alitazama mlango. "Milango yenu ni myembamba, sista."

"Nje kuna nani?"

"Mke mwenzangu. Na kwetu kuna mambo ya zamu. Nikisema hapa, kule nitakuwa nimeiba siku."

Janet akaweka kalamu chini. "Mama yangu, daftari hili haliandiki zamu. Linaandika damu. Ukinidanganya mimi, nitakutibu uongo."

Basi akasema. Alisema yote, kwa mara ya kwanza, kuanzia yale matone ya mwanzo, na alipomaliza alikuwa analia bila kelele. Janet alimweleza taratibu, kama anayemfundisha mtu njia ya kwenda kwao.

"Umri wako damu huyumba, hilo sawa. Hupungua, huchelewa, huja nyingi mwezi mmoja ikapotea mwingine. Kwa ajili hiyo wengi wanadanganyika. Lakini damu baada ya kulala na mume si ya umri. Damu ya kuchuruzika kati ya mwezi na mwezi si ya kusubiri. Aliyekoma mwaka mzima akaona hata tone, aje. Majimaji yanayonuka, aje. Inayotoka mabonge wiki nzima, aje. Na tumbo likijaa, ukala tonge mbili ukashiba, usisingizie minyoo miezi mitatu. Kizazi kinaweza kupata kansa, mlango wake unaweza, na mifuko ya mayai inaweza, na kila moja inaanza kimyakimya."

"Sisikii maumivu makubwa."

"Ugonjwa huu hauumi mwanzoni. Ukisubiri uume umechelewa. Ndiyo maana tunawapima hata wasio na dalili, kama mwenzio."

Uchunguzi haukuchukua muda mrefu kama alivyoogopa. Chuma kilikuwa cha baridi, aibu ilikuwa kubwa kuliko maumivu. Janet aliangaza taa, akaisogeza karibu, akatazama tena.

"Kuna kidonda kwenye mlango wa kizazi," alisema. "Kikiguswa kinatoa damu. Sijui ni nini, na mtu asikuambie anajua mpaka kipande kikatwe na kupimwa. Nitakuandikia barua ya hospitali ya Bugando."

Kipande kilikatwa, majibu yakachukua wiki tatu. Ilikuwa kansa. Daktari alisema bado imekaa mlangoni, haijatembea, na kwamba akiondolewa kizazi sasa ana nafasi nzuri. Akikaa, asimwulize tena kuhusu nafasi. Akataka mume aje.

Ilibidi aseme nyumbani. Alisema barazani, Shimba ameketi kwenye kigoda, Odeta amesimama kwenye nguzo. Shimba alisikiliza mpaka mwisho.

"Miezi mitano," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

Ng'washi hakumjibu kwa mdomo. Alikitazama kigoda. Shimba naye akatazama chini, kati ya miguu yake, kana kwamba kimemwuma, akainuka na kwenda kwa ng'ombe zake. Na aondoke tu. Mwanamume anayegawa usiku kama maduka ya kaya yalivyokuwa yakigawa sukari asishangae watu wakificha vibaba. Kosa la Ng'washi lilikuwa lake, lakini aliyejenga foleni alikuwa Shimba.

Kesho yake Shimba alisema yuko tayari kwenda kutia sahihi. Aliyekataa ni Ng'washi.

"Wakitoa kizazi nitabaki nini?" alimwuliza Aluoch sokoni. "Ganda la karanga. Huyu ng'ambo ana kila kitu chake, mimi nimekwanguliwa kama panki."

"Panki linauzwa," Aluoch alisema. "Maiti haiuzwi." Na kwa kuwa ulimi wake ulikuwa umekwisha kumponza mara moja, akaongeza, "Yale niliyokuambia ya mgeni mlevi, nisamehe. Yangu haikuwa kama yako."

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Alikuwa na sababu kila siku: mahindi hayajavunwa, mtoto ana mtihani, Ijumaa si siku nzuri. Sababu yenyewe aliijua. Akilazwa mwezi, Odeta atakuwa na mwezi. Akirudi hana kizazi, Odeta atakuwa na mume. Huo ndio uzani aliokuwa anapima, mwanamke mwenye akili timamu na watoto sita: upande mmoja maisha, upande mwingine usiku wa mwenzake. Na mizani ilikuwa imelala upande mbaya.

Jumamosi moja alirudi kutoka kisimani akakuta moshi nyuma ya nyumba yake. Odeta alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko lake, akikaanga mapanki kwenye karai lake, jasho linamtiririka. Binti mdogo wa Ng'washi, Malimi, alikuwa anampasia vichwa.

"Unafanya nini?"

"Najifunza," Odeta alisema bila kugeuka. "Nilirudi kwa yule sista. Amesema ukikaa hivi, mwaka kesho wakati kama huu hatutakuwa na wewe. Hawa sita watakula nini?"

"Mafuta yako hayajachemka. Vitanyonya."

"Ndiyo maana najifunza."

"Na nyumba yangu utahamia lini?"

Odeta alinyanyua macho akatazama paa. "Ina bati jipya," alisema. "Yangu inavuja."

Ng'washi alimtazama mwanamke yule, mkono ukiwa kwenye kijiko chake, mtoto wake akiwa pembeni yake akimcheka jinsi anavyoruka mafuta. Akaona miaka yote inayokuja, bila yeye, na Odeta ndani yake, analala chini ya bati lake, anaitwa mama na Malimi, hana tena wa kumvukia uwanja. Kifo alikuwa hajakiogopa sawasawa mpaka alipokiona kimevaa kitenge cha Odeta.

"Toka kwenye karai langu," alisema.

Jumatatu alikuwa Bugando na Shimba kabla wauguzi wa usiku hawajaondoka. Kama Odeta alikaanga vile kwa hila au kwa moyo mweupe, mwenyewe hajasema, na Ng'washi hajamwuliza. Watu husema aliokolewa na ujasiri. Si kweli, na hakuna faida kumsifu mtu kwa kitu ambacho hakuwa nacho. Kilichomchelewesha miezi mitano ni wivu, na kilichompeleka ni huohuo. Safari hii tu ulielekea upande wa uhai. Wangapi ugonjwa wao hauwapi nafasi ya pili?

Akapasuliwa. Siku kumi na mbili alizolala wodini, Odeta alilala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, akimwosha, akimgeuza, akimwaga vyombo. Shimba alibaki Buhongwa akijisongea ugali mbichi. Wagonjwa wa jirani walimsifu Odeta asubuhi na jioni, mke mwenza wa aina gani huyu, hawajapata kuona, na Ng'washi, mwenye nyuzi tumboni, alilala akiwa na hasira kwamba hata hapo sifa zinakwenda upande ule.

"Wakikusifu tena nitapiga kelele," alimwambia.

"Piga. Wataongeza za subira."

Alicheka, akashika tumbo kwa maumivu. Majibu ya kilichotolewa yalipokuja, daktari alisema kingo ni safi. Akaandika tarehe za kurudi: kila miezi mitatu, kisha kila miezi sita, miaka mitano. Asikose hata moja, kwa maana ugonjwa huu hurudi kwa waliousahau.

Ng'washi hakukosa. Alirudi sokoni kwa karai lake, na sasa mwanamke wa umri wake akinunua panki na kulalamika juu ya damu, alimwuliza maswali yote, si nusu, mbele ya Aluoch aliyeitikia kwa kichwa. Aibu ilimshika mara mbili tatu za mwanzo, baadaye ikamwachia. Wanne aliwaandikisha mwenyewe Ilemela.

Kuhusu Odeta hakugeuka malaika. Bado alijua kitenge gani kimenunuliwa. Jioni moja, mwaka ulipokuwa unakwisha, alimkuta anachambua dagaa, akasimama karibu naye.

"Sista alikuambia urudi kupimwa lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Tarehe?"

"Ya nini, dada?"

"Tutakwenda wote."

Odeta aliweka ungo chini. "Kunisindikiza au kunichunga?"

"Kukuchunga," Ng'washi alisema, akaketi kumsaidia kuchambua dagaa.